Mkungu wa Mavuno na Nyuki wa Baba

Niseme mapema, kabla hamjaanza kumhurumia: mume wangu Eliufoo anaogopa nyuki. Haogopi nyoka, wala haogopi barabara yetu ya kushukia Same siku za mvua, ambayo wanaume wengine huipita wamefumba macho huku wakiahidi kuacha pombe. Lakini nyuki mmoja akipita karibu na sikio lake, mtu mzima huyo, mzee wa kanisa, utamwona anainama ghafla kama aliyeangusha sindano.

Na bado alinioa mimi, Esta, binti wa marehemu mzee Elinaza mfuga nyuki. Alijua anakokwenda. Siku ya posa asali ya baba ilikuwa mezani, na bwana huyu aliila mpaka akalamba kijiko, mjomba wake akamkanyaga mguu chini ya meza. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba alidanganywa.

Baba aliniachia mizinga mitatu ya magogo. Wa kwanza ulikuwa nyumbani kwetu hapa Bombo, nyuma ya jiko, na huo uliuawa na nyanya. Majirani wa pande zote mbili walianza kulima nyanya za biashara, wakawa wanapiga dawa asubuhi, saa ileile nyuki wanapotoka kutafuta maua. Siku moja niliwakuta wametapakaa chini ya mzinga, wanajizungusha kwa mgongo, miguu juu. Jioni nilipoweka sikio kwenye gogo sikusikia kitu. Nililia siku ile, na mwenye nyanya aliponiuliza nalilia nini nilimjibu vibaya.

Wa pili ulikuwa bondeni kwenye kahawa. Masika moja siafu waliupandia, na nyuki walipoona wamezidiwa wakahama wote, wakaacha masega na watoto. Sijui walikwenda wapi. Mpaka leo nikiona kundi linapita juu huwa nasimama kuangalia kama ni wale.

Ukabaki wa tatu, ule ulio kwenye mti wa mringaringa nyuma ya kanisa. Baba aliupandisha pale kabla kanisa halijaezekwa bati, kwa ruhusa ya wazee wa wakati ule, na gogo lenyewe limezeeka kiasi kwamba ukiligonga linamegeka. Nimewahi kujaribu kulisogeza kidogo tu, likatoa ufa, nikaliacha. Lisingefika chini likiwa zima. Na hata kama lingefika, ningelipeleka wapi? Nyumbani, katikati ya nyanya? Pale kanisani ndipo palipobaki na miti, na nyuki wale ndio waliobaki wa baba. Nikisema wa baba sisemi kwa ajili ya asali. Nikienda kuwasikiliza, namsikia yeye akinung'unika akitafuta miwani yake.

Sasa, usharika wetu una Jumapili ya mavuno kila mwaka. Watu huleta walichojaliwa: kabichi, mihogo, miwa, kuku waliofungwa miguu, mayai ndani ya ungo, na ndizi, hasa ndizi. Ibada ikiisha vitu vyote vinawekwa kwenye meza ndefu nje, chini ya mringaringa kwa sababu ya kivuli, na mnada unaanza. Mnadishaji ni mume wangu. Hapo simtanii. Ana sauti ya kukuuzia kabichi mpaka ujione hujawahi kula kabichi maishani mwako. Nimewaona watu wakinunua kuku waliyemleta wenyewe, kisha wakamshukuru.

Na kila mwaka mwenyewe anatoa mkungu mmoja wa ndizi za kisukari kutoka shina lililopandwa na marehemu mama yake. Hautoi mbichi. Huuvundika kwenye shimo nyuma ya nyumba, majani makavu chini na juu, moshi kidogo, udongo, halafu siku hizo zote anazunguka lile shimo kama kuku mwenye mayai. Ukifukuliwa umeiva wote kwa pamoja, manjano tupu, na anaunadi wa mwisho, ameunyanyua juu ya kichwa. Wengine wameiga, hivyo siku hizi meza ya mavuno yetu ni ndizi mbivu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Anayeleta mbichi anaonekana kama ameamka tu akaja, hakujiandaa.

Mwaka juzi nyuki walishuka katikati ya mnada wakauma watu. Tukasema bahati mbaya. Mwaka jana wakashuka tena, na safari hiyo walikuwa na hasira kweli. Wapiga tarumbeta waliacha tarumbeta zao kwenye nyasi. Kwaya iliingia kanisani kwa mlango na kwa madirisha. Mume wangu, mkungu ukiwa juu ya kichwa na maneno mdomoni, aliumwa kwenye mdomo wa juu na wa chini, na wiki nzima kila alichotaka kusema kilitoka kama mtu anayepuliza moto. Mimi nilikuwa namkanda kwa maji baridi na kujizuia kucheka. Sikufanikiwa kila mara.

Baraza la wazee likaketi. Mwenyekiti wao, mzee Wilbard, alisema kanisa si pori, na kwamba mzinga ule uteketezwe. Mchungaji Rodrick, ambaye ni mtu mpole na hapendi kuua hata buibui wa mimbarani, aliomba wapige kura ya mikono. Mikono ikanyooka. Na mmoja wa mikono ile ulikuwa wa Eliufoo.

Yeye hakuniambia. Nililetewa habari bombani na mke wa Wilbard, ambaye alinisimulia kwa huruma kubwa na kwa raha kubwa zaidi. Nilirudi nyumbani nikapika makande bila chumvi, na kesho yake tena, na keshokutwa. Mume wangu aliyala yote bila kusema neno, ndipo nikajua habari ni za kweli, kwa maana mtu asiye na hatia angeomba chumvi.

Nilikwenda kwa mchungaji kuwaombea nyuki wangu. Nilimwambia ukweli niliokuwa nao: kwamba nyuki wale wanakaa juu ya vichwa vyetu mwaka mzima, watoto wa shule ya Jumapili wanarusha mpira pale chini, maharusi wanapigiwa vigelegele na tarumbeta pale pale, na hawajamgusa mtu. Kwa nini siku ya mavuno tu? Mchungaji alifikiri, akasema hajui, ila swali ni zuri. Akawashawishi wazee wasubiri mavuno ya mwaka huu. Mtu yeyote akiumwa katika mnada, Jumatatu atakuja mpiga dawa kutoka bondeni, na mzee Wilbard alikuwa ameshazungumza naye. Wasipouma, wakae.

Kwa hiyo nilipewa mwaka mmoja wa kujibu swali langu mwenyewe. Mzee Wilbard alisema ni kipaza sauti. Lakini kipaza sauti kinapigwa hata kwenye harusi. Mke wake alisema ni manukato ya akina dada. Akina dada wetu wananukia kila Jumapili, tena wengine unawasikia kabla hujawaona. Nilifikiri mpaka nikachoka, na wiki ya mavuno ikafika nikiwa sina hata neno moja la kumwambia mtu.

Jumamosi tulikwenda kufagia kanisa, mimi na wenzangu wa umoja wa wanawake. Walipoondoka nilibaki nyuma kuutazama mzinga, na moyo ukanipasuka, kwa sababu mstari wa siafu ulikuwa unapanda shina la mringaringa.

Nyuki walikuwa wameshawaona. Mlango wa mzinga wao ni tundu ambalo wameliziba kwa gundi ya miti, wakabakiza nafasi ya kupita mmoja mmoja, na pale mlangoni walinzi walikuwa wametoka wamejipanga, vichwa chini, wakipiga mabawa kwa nguvu kuwapeperusha siafu wa mbele. Siafu aliyeshikilia gome alifuatwa, akang'atwa mguu, akatupwa. Wengine walikuwa ndani wakivuma kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia. Ni wadogo wale, lakini siku hiyo niliona fahari kana kwamba nimewazaa mimi. Hata hivyo nilijua wanaweza kuwazuia walio mbele tu. Lile jeshi lote likifika, yatakuwa yale ya bondeni.

Nilikimbia jikoni kwa mchungaji nikaomba majivu, moto na grisi. Nikawachoma siafu waliokuwa kwenye shina kwa mwenge wa majani makavu, nikamwaga majivu kuzunguka mizizi yote, halafu nikapanda kwenye benchi na kupaka shina grisi ya pikipiki, duara nene, kama baba alivyofanya. Mstari ukakatika. Siafu wa chini walizungukazunguka, wakaanza kutafuta njia nyingine.

Lakini nilikuwa nimesogea karibu mno. Mlinzi mmoja alinigonga paji la uso kwa kichwa chake bila kuniuma, na huo ni ustaarabu wao, wanakuonya kwanza. Sikuwa na nafasi ya kusikiliza onyo, nilikuwa na grisi mkononi. Wa pili akaniuma kwenye kifundo cha mkono. Hapo nikashuka upesi. Baba alitufundisha tangu wadogo kwamba nyuki akikuuma usisimame kulalamika, kwa sababu ameacha uhai wake hapo na ameshakutia alama, na wenzake wanaifuata alama hiyo kwa kunusa. Ukwangue mwiba kwa ukucha, usiubane kwa vidole maana utajimalizia sumu, pitisha moshi palipoumwa, uondoke. Nilikuwa najua alama ni harufu. Harufu ya nini, sikuwahi kujiuliza.

Nilipofika nyumbani, Eliufoo alikuwa amepiga magoti kwenye shimo lake. Alikuwa anaondoa udongo kwa mikono, taratibu, na alipofunua majani ya juu harufu ya ndizi mbivu ikapanda ikajaza uwanja mzima. Akaniita nije nione. Ulikuwa mkungu mzuri kweli, siwezi kumnyima haki yake. Nikainama kuutazama, kisha nikauinua mkono wangu kuangalia kama umevimba.

Mkono ulikuwa unanuka kisukari.

Nilidhani ni shimo. Nikaenda upande wa pili wa nyumba, ambako upepo unatoka kwenye kahawa na hakuna ndizi hata moja, nikajinusa tena. Ndizi mbivu. Sikuwa nimeshika ndizi siku hiyo, nilikuwa nimeshika majivu na grisi. Nikakaa chini kwenye kizingiti nikaanza kucheka peke yangu. Mtu aliyekulia Bombo, harufu ya ndizi kwake ni harufu ya nyumbani tu. Nimeumwa na nyuki tangu nikiwa mtoto, na kila mara nilikuwa nainusa harufu ile nikidhani inatoka jikoni.

Nilimpigia simu Shamsa, rafiki yangu wa Makanya anayenunua asali yangu na kuiuza pale kandokando ya barabara kuu. Shamsa amewahi kwenda semina ya nyuki mjini Same. Nikamweleza. Akaniacha nimalize, halafu akasema, "Dada Esta, wewe binti wa mfuga nyuki hulijui hilo? Sisi tuliambiwa siku ya kwanza, aliyekula ndizi mbivu asisogelee mzinga." Alicheka sana. Akaniomba nimwambie mume wangu kwamba ndizi zake ni nzuri kiasi kwamba hata nyuki wanazitangazia vita.

Mume wangu hakuona kichekesho chochote. Nilimweleza jioni ile tukila, makande yakiwa na chumvi yake: kwamba tunaweka meza nzima ya ndizi mbivu chini ya mzinga, jua linazipasha, harufu inapanda, na kule juu walinzi wanapata habari kwamba mwenzao ameshauma mtu na vita imeanza. Wakishuka kutafuta adui, wanamkuta mtu mmoja anapiga kelele, ameshika chanzo cha harufu yenyewe, tena ameinyanyua kuwasogezea.

Aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyejiuma," akasema.

Nilijaribu kumwambia sikumaanisha hivyo, lakini nilimaanisha hivyo kidogo, na yeye ananijua. Akasema shina lile ni la mama yake, na mama yake hakuwahi kumdhuru mtu. Akasema nyuki wameuma wazee na wageni, na sasa kesi inahamishiwa kwenye ndizi. Nikamkumbusha mkono aliounyoosha barazani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutaja. Alinawa, akaenda kulala uso ukutani, na mimi nikalala uso mlangoni.

Jumapili ibada ilikuwa nzuri na sikuisikia. Nilikuwa nahesabu mikungu iliyokuwa ikiingia. Baada ya baraka nilitoka wa kwanza, nikamkuta mchungaji na wazee wanaelekea kwenye meza, nikamwamkia mzee Wilbard kwa heshima zote, shikamoo baba, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikaomba kitu kimoja: meza ihamishwe ipelekwe chini getini, mbali na mti, na ndizi mbivu zote ziende huko. Nikaeleza kwa nini.

Watu walikuwa wamekusanyika. Wengine walicheka, na sikuwalaumu, kwa sababu hata mimi nilicheka jana yake. Mzee Wilbard alisema mama Blessing, ndiyo mimi kwa jina la mtoto wetu, anatafuta visingizio, kwamba getini hakuna kivuli, kwamba mpiga dawa ameshaahidiwa. Kisha akasema jambo ambalo lilinikata miguu, kwa sababu lilikuwa na akili. Alisema tukihamisha meza na nyuki wasiume, tutajuaje kama ni kwa sababu ya ndizi? Labda mwaka huu wameamka vizuri. Mwakani watauma, na tutakuwa tumedanganyana. Mchungaji alinitazama kama anayeniomba nijibu. Akilini nilishamwona mpiga dawa anapanda mlima Jumatatu na bomba lake mgongoni.

Ndipo Eliufoo akapita katikati ya watu, akasema yeye atatujulisha.

Alivua koti lake la suti akampa mpiga ngoma amshikie. Akawaomba watu wote warudi nyuma mpaka getini, na sauti ile ikisema rudini, watu hurudi. Alichukua kwanza mkungu wa mshare, zile ndizi za kupika, mbichi, kijani, mmoja wa ile michache isiyovundikwa, akauweka begani, akaanza kutembea kuelekea mringaringa. Mtu ambaye tangu mwaka jana hakupita peke yake upande ule wa kanisa. Alifika chini kabisa ya mzinga akasimama. Nyuki waliingia na kutoka juu ya kichwa chake. Alikaa pale muda ambao wimbo mfupi ungeimbwa ukaisha, akageuka, akarudi. Hakuna nyuki hata mmoja aliyemjali.

Akaweka mshare mezani. Akachukua kisukari chake.

Hapo moyo wangu ulibadilika wote kwa mara moja. Nilimshika mkono wa shati. "Baba Blessing, acha," nikamwambia. "Nimekubali. Waache waje na dawa yao."

"Wewe umekubali," akasema. "Mimi bado."

Akaenda. Alipofika chini ya mti akaunyanyua mkungu juu ya kichwa, na kwa sababu mdomo wake haujui kukaa kimya mikono ikiwa imeinua kitu, akaanza kuunadi. Hakuna aliyekuwa karibu wa kuuziwa, basi akawanadia nyuki. Aliwaambia kwamba ni kisukari cha marehemu mama yake, kimeiva bila doa, anayetaka aanzishe bei. Getini watu walikuwa wanacheka wameshika midomo, na mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Nyuki wa kwanza alimzunguka. Wa pili akamgonga kwenye paji la uso, lile onyo lao. Eliufoo alifumba macho akaendelea kuuliza nani anaongeza. Wa tatu akaongeza. Baada ya hapo wakaja kwa pamoja, na hata katika hali hiyo sitasahau alichofanya: hakuutupa mkungu. Aliulaza kwenye nyasi kwa mikono miwili, kwa kuwa ni sadaka, ndipo akakimbia. Alikimbia kama kijana, akapita kwenye tarumbeta zilizolazwa, akaingia sakristia, chumba cha mchungaji pembeni ya kanisa, akafunga mlango. Wale nyuki waliomfuata walizunguka mlangoni kidogo, wakarudi kwenye mkungu, wakaushambulia huo.

Nilichukua majani makavu na moto wa chetezo changu cha bati, nilichokuja nacho kwa ajili ya moshi, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mchungaji, amepanua mikono asijue aiweke wapi. Nikaanza kumkwangua miiba kwa ukucha, shingoni, sikioni, mkononi hasa, mkono wa kulia, ambao ulikuwa unavimba huku nautazama. Nikampitishia moshi. Alikohoa. Kisha akauleta mkono ule puani, akanusa, akanipa na mimi ninuse.

"Kisukari," akasema. Mdomo ulikuwa umeanza kukataa herufi.

Nilimuuliza ni shetani gani aliyemtuma. Alitazama mkono wake. "Huu mkono niliounyoosha barazani," akasema, "umekuwa ukiniwasha tangu siku ile. Nilikuwa nimeona aibu, Esta. Watu walinicheka. Sikufikiria nyuki ni wa nani."

Nilitaka kumjibu kitu cha kumtania, nilikuwa nacho tayari mdomoni, lakini sikukisema. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya posa, nikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno, pale pale kwenye kiti cha mchungaji. Akasema ngoja avimbe vizuri nione kama nitarudia.

Nje kulikuwa na kelele za miguu ya meza. Watu walikuwa wanaibeba wenyewe kuipeleka getini, na akina mama walikuwa wanakimbiza mikungu iliyoiva mbele yao kama wanaokoa watoto. Mzee Wilbard alisikika akisema kwamba hata hivyo masharti ni masharti, mtu ameumwa katika mnada, na mtu huyo yupo sakristia. Mchungaji Rodrick akamjibu kwa upole wake kwamba mnada ulikuwa haujaanza, na kwamba aliyeumwa alikuwa amekwenda mwenyewe kuomba. Nilisikia watu wakicheka. Kisha mchungaji akasema wazee wapo wote hapa, basi wapige kura upya, hapa hapa, kila mtu aone. Anayetaka nyuki wakae anyooshe mkono.

Nilichungulia dirishani. Wazee walikuwa wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake, na mzee Wilbard alikuwa amefumbata mikono yake kifuani.

Mume wangu alinisogeza pembeni. Hakuthubutu kutoka nje, uoga wake haukuwa umekwenda popote. Alifungua dirisha kiasi cha kupitisha mkono tu, akautoa nje mpaka begani, akaunyoosha. Ulikuwa umevimba kama andazi, vidole havikutani, na kila mtu pale uwanjani aliuona. Mkono wa pili ukanyooka, na wa tatu. Mwisho mzee Wilbard alitazama dirisha, akatazama mringaringa, akanyoosha wake, nusu, akisema atampigia yule bwana wa dawa asije, maana safari yenyewe ni ndefu.

Mnada ukabaki bila mnadishaji, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umeshafunga. Nikanadi mimi. Sina sauti yake, lakini nimemsikia miaka mingi, na kabichi ziliondoka vizuri. Mkungu wa kisukari niliuacha wa mwisho, kama kawaida, na niliunadi nikiwa getini, wenyewe ukiwa hukohuko ulikolala, chini ya mti, ukiwa na walinzi wake juu. Hakuna aliyeanzisha bei. Niliuliza mara ya kwanza, nikauliza mara ya pili, na dirishani mkono uleule ukatokeza tena.

Nikamuuzia mume wangu ndizi zake mwenyewe. Sharti langu lilikuwa tuzifuate pamoja jua likishapoa, mimi nikitangulia na moshi. Jioni akaja, amevaa koti la mvua na kofia mpaka puani, akanifuata nyuma mpaka chini ya mringaringa.